Mwezi wa Baiskeli Nane

Baiskeli ya nane ilifika Kapata, mtaa wa wafanyakazi wa mgodi Kolwezi, imelala juu ya magunia ya mihogo, kwenye lori lililotoka Sandoa. Ilikuwa ndefu mno, haikuingia mlangoni. Baudouin Kankolongo aliigeuza huku na huku kwenye veranda, akaivua gurudumu la mbele, kisha akaipitisha kwenye dirisha la sebule. Mke wake, Jeanne Mbelu, alikuwa mezani akipanga majina ya wanafunzi waliochelewa wiki ile. Usukani ulipita juu ya kichwa chake, ukaangusha kalenda ukutani.

"Hii tena ni nini?" aliuliza.

"Kinga ya batu babili," alijibu Baudouin, akihema kwa furaha. "Mumoja anakaa mbele, mumoja nyuma. Bote banakanyaga."

Kapata baiskeli huitwa kinga, na hakuna nyumba iliyokuwa na kinga nyingi kama ile. Baudouin alikuwa fundi umeme mgodini kwa miaka thelathini na mmoja. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, na nyumba hii ya kampuni, ya tano kwenye safu yake, ndimo Baudouin alimozaliwa. Alipostaafu, watu waliendelea kumwita awatengenezee friji, pampu na jenereta, naye akaanza kuomba alipwe kwa baiskeli. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, nzito, ya Kichina, yenye breki za vyuma. Ikaja ya kike, yenye fremu iliyoshuka katikati ili sketi isisumbuke. Ikaja iliyokuwa ikibeba makala, yaani makaa, ambayo mwenyewe aliichomelea vyuma vya ujenzi mpaka ikafanana na daraja. Ikaja ndogo ya kukunjwa, kisha ya milimani yenye tairi nene, kisha nyekundu yenye karia mbele kama za watu wa posta. Ya saba ilikuwa ya betri, iliyoachwa na mhandisi aliyerudi kwao. Betri ilikwisha kufa, na Baudouin alikuwa akicheka kwamba kobalti yote ile ilichimbwa hapa hapa, lakini yeye bado anakanyaga kwa miguu.

Na juu ya zote, kwenye ndoano mbili karibu na dari, ilining'inia ile ya mashindano, nyembamba, ya rangi ya buluu. Hiyo hakuipata kwa kazi. Aliifuata Likasi mara tatu kwa mtu aliyekuwa akishindana nayo, akimsihi, mpaka yule mtu akachoka kukataa. Ya mashindano na ya posta alizipata katika mwaka mmoja, na mwaka ule Mbelu alihamisha kabati la vyombo likaingia chumba cha kulala.

Ukizihesabu, zilikuwa nane bila ile ya Sandoa. Lakini ile ya kukunjwa Baudouin alikuwa amempa binti yao Abigaël, anayesoma Lubumbashi, kwa hiyo ya watu wawili ikawa ya nane kweli.

Mbelu hakupiga kelele. Alikuwa mkuu wa nidhamu katika shule ya wasichana mia sita, na wanafunzi walimwita Madame Discipline hata akiwa anasikia. Mtu wa kazi hiyo hapigi kelele, anaandika. Jioni ile ile alichukua karatasi ya mistari, akaandika kwa kalamu nyekundu, akaibandika nyuma ya mlango:

*Kila baiskeli itatembea mara moja kila mwezi, kutoka nyumbani mpaka kanisani na kurudi. Ambayo haitatembea itauzwa.*

Alitia sahihi. Akampa mumewe kalamu.

"Mu hii nyumba," alisema, "kitu chenye hakitembee hakikae."

Alitegemea kwamba karatasi itazipunguza. Kutoka nyumbani kwenda kanisani na kurudi ni kilometa nne, na Baudouin alikuwa na miaka sitini na moja. Kumbe alimpa zawadi. Tangu siku ile mzee aliamka na kazi. Jumatatu alitoka na ile nyeusi, Jumatano na ya makala, na akirudi alikaa kwenye ngazi ya veranda na kitambaa na mafuta, akisikiliza mnyororo mmoja mmoja kama daktari anavyosikiliza kifua. Aligundua kwamba ya milimani inapenda njia ya mchanga nyuma ya safu za nyumba, na kwamba ya kike inataka uende polepole, na watu wakusalimie. Mwezi wa nne zote zilitembea. Mwezi wa tano zote zilitembea.

Tarehe nne ya mwezi wa sita alitoka asubuhi na ile ya betri, ya kwanza mwezi ule, akapitiliza kanisa kwa sababu baridi ilikuwa nzuri na barabara tupu. Alikuwa upande wa machimbo ya Mashamba aliposikia malori ya mawe nyuma yake. Lori la kwanza lilipita, likaacha vumbi zito kama ukuta. Baudouin alisogea kando asiione njia, na kando hapakuwa na njia, palikuwa na mtaro. Wachimbaji wawili waliokuwa wakienda shimoni walimtoa, wakampakia yeye kwenye pikipiki na baiskeli kwenye nyingine. Baiskeli haikuwa na hata mkwaruzo. Kifundo cha mguu wa kulia kilikuwa kimevunjika.

"Wiki sita," daktari alisema, akimaliza kufunga plasta.

Mbelu alimsubiri mumewe aombe. Alikuwa na jibu tayari, tena jibu laini, kwamba mwezi huu tuuache. Lakini Baudouin hakuomba. Siku ya tatu, mguu ukiwa juu ya stuli, aliangalia ukuta mzima wa magurudumu, kisha akaangalia mlango.

"Karatasi ni karatasi," alisema. "Niliweka sahihi. Mwisho wa mwezi zitaenda. Minaomba tu kitu kimoja, Mama Abigaël: ziende kwa batu bataopanda."

Akampigia simu Stany, mfanyabiashara wa baiskeli sokoni.

Stany alikuja siku ya pili. Alikuwa mtu wa haraka, hakukaa. Alipita kati ya baiskeli akizigonga fremu kwa pete yake, akisikiliza chuma.

"Hizi zote zitabeba mifuko," alisema. "Bacreuseurs banatafuta sana." Alikuwa akiwasema vijana wanaochimba kwa mikono, wanaosukuma mawe yao kwa baiskeli kutoka mashimoni. "Hii ya posta nitatoa hiyo karia. Hii ya makala iko tayari. Na hii ndefu..." Alisimama katikati ya ile ya Sandoa, akaweka kiganja juu ya bomba kama mtu anayepima ubao. "Hii njo nitaikata hapa. Nitapata mbili."

Baudouin aliinamisha kichwa, akawa anang'oa uzi kwenye suruali yake. Mbelu alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Kwa miaka thelathini alikuwa amemwona mume huyu akimzika baba, akimpeleka mtoto wao wa kwanza hospitali asirudi naye, akipokea barua ya kampuni ya kusimamisha mishahara. Aliijua ile namna ya kuinamisha kichwa. Hakudhani ataiona kwa sababu ya vyuma, na hakudhani karatasi yake mwenyewe ndiyo itaileta.

"Tata Stany," alisema, akimwita baba kwa heshima, "mwezi haiyaisha bado."

"Mama, mwezi itaisha tu."

"Ikiisha utarudi."

Stany alipoondoka, Mbelu alisimama nyuma ya mlango, akasoma alichokuwa ameandika mwenyewe. Akasoma tena, kidole kikifuata mstari.

"Tata Abigaël. Hapa niliandika kama kila kinga itembee. Je, niliandika nani anaitembeza?"

Baudouin alimtazama. "Mais weye haujue kinga."

"Nitajua."

Alikuwa na miaka hamsini na tano. Utotoni, kaka zake wanne walijifunza kwenye baiskeli ya baba yao, na kazi yake yeye ilikuwa kushika pampu. Alipoomba zamu, baba alimjibu kwamba mtoto wa kike atajiumiza, na hapo mazungumzo yalikwisha.

Kesho yake, saa kumi na moja na nusu alfajiri, baridi ya mwezi wa sita ikitoa moshi midomoni, Mbelu aliisukuma ile ya kike mpaka uwanja wa mpira nyuma ya nyumba. Mumewe alimfuata kwa magongo. Jirani yao Mianda, mjane anayekaanga mikate barazani kwake, alibeba kiti cha plastiki na dumu la kuwekea mguu wa mgonjwa, kisha akabaki kuangalia, mikono imejaa unga.

"Panda. Weka muguu wa kulia juu ya pedali," Baudouin alielekeza kutoka kitini. "Sukuma na wa kushoto. Usiangalie tairi! Angalia ile goli!"

Mbelu aliangalia tairi, akaanguka. Aliangalia goli, akaanguka polepole zaidi. Mara ya nne alikwenda kama mita kumi, akashangaa kwamba anakwenda, na mshangao ukamwangusha. Mianda alipiga kelele kila mara kabla hajagusa chini. Baudouin alitaka kuinuka amsaidie, akakumbuka mguu.

"Inatosha kwa leo," alisema.

"Nitasema mi mwenyewe wakati inatosha," alijibu Mbelu, akiokota kiatu.

Siku ya tatu wasichana watatu wa shule yake, wakipita na ndoo za maji, walimwona akiingia kwenye majani. Saa moja na nusu, shule nzima ilikuwa imeshajua. Alipojitokeza mbele ya mistari, kicheko kilipita chini chini kutoka darasa la kwanza mpaka la mwisho, kama upepo kwenye mahindi. Kwa kawaida angeita majina. Safari hii alisubiri mpaka kikaisha. Akapandisha mkono wa blauzi, akaonyesha kiwiko kilichochubuka.

"Ndiyo, ni mi," alisema. "Juzi nilianguka mara saba. Jana mara tano. Leo mara ine. Mwenye anataka, kesho akuye kuhesabu."

Hakuna aliyecheka tena, na kesho yake walikuja kumi na wawili. Alianguka mara moja tu, na hapo ni kwa sababu walimpigia makofi.

Tarehe kumi na tano alitoka na ile ya kike mpaka kanisani na kurudi. Baudouin alikuwa amekaa kwenye veranda na saa mkononi, asijue anapima nini. Mbelu alipita kati ya safu za nyumba, zote sura moja, akagundua hajawahi kuziona hivi. Kwa miguu ulikuwa unaona mlango mmoja mmoja. Sasa zilitiririka: mtu anapiga mswaki, mama anamwaga maji, redio moja ikipokewa na redio nyingine. Kwenye kiteremko kidogo kabla ya kanisa aliacha kukanyaga. Baiskeli ilienda yenyewe. Upepo wa baridi uliingia chini ya kitambaa chake cha kichwa, na mwanamke huyu ambaye mia sita walimwogopa alijikuta anacheka peke yake barabarani.

Aliporudi alisema tu, "Sasa ile nyeusi."

Kila moja ilimfundisha tofauti. Nyeusi ilikuwa na nguvu ya ng'ombe na akili ya ng'ombe. Ukishaikubalia mwendo wake haikusumbui. Kwenye nyekundu ya posta alimbebea Mianda ndoo ya mikate juu ya karia ya mbele, akaipeleka kwa wateja njiani, na Mianda akasema hajawahi kuuza ikiwa bado ya moto hivyo. Ya milimani ilikuwa na gia, na alibishana nazo siku mbili mpaka mumewe akamwambia asikilize kwa miguu, si kwa masikio. Ya betri aliisukuma kupanda na kuipanda kushuka, kisha akairudia siku iliyofuata, kwa sababu kusukuma si kutembeza. Ya makala karibu imvunje mgongo. Kila ikirudi moja, Baudouin aliipokea kwenye ngazi na kitambaa chake, akaifuta vumbi, akauliza maswali. Breki ya nyuma ilivuta? Mnyororo uliimba wapi, kwenye kilima au kwenye tambarare? Katika ndoa yao hawakuwahi kuzungumza hivyo, jioni baada ya jioni, juu ya jambo ambalo wote wawili walilifahamu.

Ya watu wawili, ndefu vile, hakuiweza peke yake. Mbelu alimfuata Mianda, akamkuta anakanda unga.

"Mi? Hapana. Mi niko na batoto."

"Batoto bako beko bakubwa. Vaa viatu."

Mianda alikaa nyuma, macho ameyafumba. Waliyumba mpaka nyumba ya tatu, wakanyooka.

"Mama Mbelu, breki yangu iko wapi?"

"Huko nyuma hakuna breki."

"Sasa mi nafanya nini?"

"Unakanyaga."

"Na nikiogopa?"

"Unakanyaga zaidi. Mbona kinga iko nzito? Unakanyaga ama unasali?"

"Vyote viwili!"

Waliporudi Mianda alikuwa amefumbua macho, na aliuliza kama kuna sheria inayokataza kwenda mara mbili kwa mwezi.

Ilibaki moja. Tarehe ishirini na saba waliishusha ile ya buluu kutoka kwenye ndoano. Baudouin alikuwa mrefu, na kiti kilikuwa kimepandishwa kwa kipimo cha miguu yake. Walijaribu kukishusha. Bomba la kiti lilikuwa limeshikana na fremu. Walimimina mafuta, wakapiga kwa nyundo juu ya kipande cha ubao, wakamimina maji ya moto. Halikusogea hata unywele.

"Hutafika chini," alisema Baudouin. "Ukisimama utaanguka."

"Basi sitasimama."

Tarehe ishirini na nane alianguka kwenye geti. Tarehe ishirini na tisa alifika nyumba ya kumi. Tarehe thelathini, siku ya mwisho, alianzia kwenye ngazi ya veranda ili mguu upate mahali pa kusukumia, akainamia usukani ule uliopinda kama pembe za kondoo, akaenda. Ilikuwa haraka. Haikufanana na nyingine zote. Ukiigusa tu inaruka. Ilimpeleka mpaka kanisani kabla hajamaliza kuogopa, na alielewa kwa nini mumewe aliifuata mara tatu.

Kule ilimbidi ageuke. Watu walikuwa wakitoka kwenye mazoezi ya kwaya, wametanda njia nzima. Alivuta breki. Mguu ulitafuta ardhi, haukuikuta. Alianguka ubavu, na gurudumu la mbele liligonga ukingo wa zege likapinda kama sahani iliyokanyagwa.

Wanakwaya walimwinua. Alikataa kubebwa. Alirudi kwa miguu kilometa mbili, gauni limechanika, ile ya buluu begani.

Baudouin alimwona tangu mbali. Alisimama kwa magongo, akamwangalia yeye kwanza, uso, mikono, magoti. Ndipo akaiangalia baiskeli.

"Ilifika kanisani?"

"Ilifika."

"Basi ilifika," alisema, kwa sauti ndogo.

Mbelu aliiegemeza ukutani. Alikuwa na maumivu ubavuni, na alitaka sana kukubali. Ilikuwa nyumba yao, karatasi yao. Hakuna mtu mwingine angejua.

"Tuliandika kuenda na kurudi," alisema.

Usiku ule ile ya buluu ilibaki pale ukutani, na siku iliyofuata pia. Siku ya tatu Baudouin alichukua simu, lakini hakumwita Stany. Alimwita Omer, seremala wa mjini Kolwezi ambaye hushindana Jumapili na kundi la vijana na wazee. Omer alikuja, akalinyoosha gurudumu pale pale barazani, spoki moja moja, kwa mkono mwepesi. Alikuwa mrefu. Alikaa juu ya kile kiti bila kukigusa kwa ufunguo.

"Itatembea?" Baudouin alimuuliza.

"Kila siku ya Mungu, tata."

Walielewana bei haraka. Omer aliondoka juu yake, na pale kwenye safu zilizonyooka waliweza kumwona kwa muda mrefu. Mbelu alisimama kando ya mumewe mpaka buluu ikaisha.

"Ungeweza kusema ilirudi," alisema Baudouin hatimaye. "Mi singeuliza."

"Najua."

"Ilikuwa yangu ya kwanza kwa roho."

"Najua, Tata Abigaël. Niliipanda."

Baudouin alitikisa kichwa, si kwa kukataa. Akaegemea bega lake badala ya gongo, wakaingia ndani.

Plasta ilikatwa katikati ya mwezi wa saba. Baudouin alirudi kutoka hospitali akitembea polepole, mguu mmoja mwembamba kuliko mwingine, kichwani ameshapanga atakavyoanza: ya kike kwanza, kwa sababu ya mguu, kisha nyeusi. Alikuta Mbelu kwenye ngazi, amekalia gazeti, vidole vyeusi kwa mafuta, anafuta mnyororo wa ile ya milimani. Shule ilikuwa imefungwa. Nyuma yake baiskeli zilikuwa zimepangwa ukutani, safi, na mavumbi mapya ya barabara kwenye tairi.

"Ngapi zilishatembea?" aliuliza.

"Tano."

"Tano! Na mi?"

Mbelu aliinua gurudumu, akalizungusha, akasikiliza.

"Ya makala na ile ndefu. Chagua," alisema. "Lakini ukichagua ile ndefu, mi njo nakaa mbele."